Wa Pili Kutoka Kushoto

— Simu yako ilikuwa imezimwa.

— Nilikuwa naomba, Kinuthia.

— Tangu saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja? Unaomba ama unajenga kanisa?

Nyawira aliibana simu kati ya shingo na bega huku akifungua dirisha la duka. Baridi ya asubuhi ya Nyeri iliingia bila hodi. Alikuwa fundi wa nguo, na duka lake lilikuwa nyuma ya soko, ukuta mmoja na kinyozi. Kila alfajiri, kabla mji haujaanza kelele zake, alikuwa akijifungia humo, anazima simu, anapiga magoti kando ya cherehani na Biblia yake mbele ya kiti. Alianza hivyo mwaka ambao baba yake alifariki. Hakuwahi kuwatangazia watu. Ilikuwa saa yake na Mungu, basi.

— Sasa nimemaliza. Ulikuwa unataka nini?

— Nilikuwa nataka kusikia sauti ya mtu nitaoa. Ni makosa?

— Si makosa. Lakini umepiga mara nyingi mpaka nikadhani kuna mtu amekufa.

— Na kama kungekuwa na mtu amekufa, ungejua saa ngapi? Baada ya amina?

Akakata.

Huyo Kinuthia alikuwa na duka la mabati na simiti kule Karatina, na kanisani kwao alikuwa kiongozi wa vijana. Mtu wa watu, suti ya Jumapili haina kunyanzi, maikrofoni inamjua. Jumapili moja, Nyawira akiwa ameketi pale mbele kwa mara ya kwanza kama mgeni wake, alisimama akaliambia kanisa zima kwamba alikuwa amemwomba Mungu ampe mke wa maombi, na sasa wamwone wenyewe. Watu wakapiga makofi. Akina mama wakageuka kumtazama Nyawira vizuri. Sasa hapo ndipo pa kuchekesha, kama una moyo wa kucheka: maombi yale yale aliyojivunia Jumapili ndiyo aliyoyapiga vita Jumatatu mpaka Jumamosi.

Binamu yake Nyawira, Watiri, aliyekuwa akimsaidia dukani kushona vifungo na kupiga pasi, alifika akamkuta bado ameshikilia simu kama mtu aliyepewa matokeo mabaya hospitalini.

— Amekuja na zake tena?

— Ati kwa nini nazima simu.

— Si uiwache tu ikiwa imewashwa. Mungu ataelewa. Kinuthia ndiye haelewi.

Watiri alisema hivyo akitia uzi kwenye sindano, bila ubaya wowote. Lakini maneno hayo yakakaa kichwani mwa Nyawira kuliko mahubiri, kwa sababu yalikuwa na ukweli unaouma. Mungu hangempigia simu kumgombeza.

Siku chache baadaye, mwezi wa pili, kabla jua halijatoka, mlango wa duka uligongwa kwa ngumi. Nyawira alikuwa katikati ya kumwombea mama yake. Alinyamaza, akitumaini ni mlevi aliyepotea njia.

— Nyawira. Fungua.

Alifungua. Kinuthia alikuwa amesimama na koti zito, pikapu yake ikinguruma barabarani. Hakusalimu. Aliingiza kichwa, akatazama nyuma ya pazia ambako wateja hujaribia nguo, kisha akainama kutazama chini ya meza ya kukatia vitambaa.

— Unatafuta nini?

— Nilitaka kujua kama uko peke yako.

— Sikuwa peke yangu.

Uso wa Kinuthia ukabadilika.

— Nani alikuwa hapa?

Nyawira alimwonyesha Biblia iliyokuwa wazi juu ya kiti.

— Usinifanyie utani, Nyawira. Nimetoka Karatina na hii baridi yote.

— Si mimi nilikuita.

— Hapo ndipo shida iko. Hujawahi kuniita. Huyo wako unamwita kila siku, mimi ndiye wa kujileta.

— Huyo wangu? Kwani si wako pia? Si ni wewe ulishika maikrofoni?

— Usichanganye maneno. Kanisa ni kanisa, nyumba ni nyumba. Nikikuoa nitakuwa naishi na mtu amezima simu?

Swali hilo halikuwa na kichwa wala miguu. Lakini liliulizwa kwa sauti ya juu, na kinyozi wa jirani alikuwa ameshafungua na ameshapunguza redio ili asikie vizuri. Nyawira aliona aibu. Aliona pia kwamba hakuwa na nguvu za kubishana kabla ya chai, na kwamba njia fupi ya kumwondoa mtu huyu mlangoni ilikuwa kumpa alichotaka.

— Sawa. Nitaiwacha ikiwa imewashwa.

— Apa.

— Sitaapa. Nimesema nitaiwacha.

Akaiacha. Mwanzoni aliilaza kifudifudi juu ya meza, mbali. Halafu karibu. Halafu kwenye mfuko wa sweta, maana ikilia mbali alilazimika kuinuka. Kama umewahi kuomba huku simu iko mwilini, unajua inavyokuwa: mdomo unasema Baba Yetu, masikio yanangoja mtetemo. Kinuthia alipiga kila asubuhi. Wakati mwingine ni kuuliza ameamka vipi, wakati mwingine ni kulalamika kwamba jana hakuuliza yeye ameamka vipi. Maombi yakawa mafupi kama salamu za barabarani. Kufikia Pasaka, Nyawira alikuwa akifungua Biblia, anasoma mstari mmoja, simu inalia, na siku inaanza na ugomvi.

Ajabu ni kwamba Kinuthia alikuwa akijua mambo ambayo hakuambiwa. Alijua Nyawira amefika dukani kwa kuchelewa. Alijua mwalimu fulani wa kiume alikuja kupimwa suruali na akakaa sana. Alijua siku ile moja alipoizima simu kwa nusu saa tu, kwa wizi, kama mtoto anayelamba sukari. Nyawira alipomuuliza anajuaje, alijibu kwamba mwanaume anayependa hujua. Nyawira akaamini, au akajilazimisha kuamini, kwa sababu siku ya ruracio, sherehe ya kuleta mahari, ilikuwa imeshapangwa. Mama yake, mjane, alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa, watu wa chama na watu wa majani chai. Unaanzaje kuwaambia watu wote hao kwamba umeghairi kwa sababu ya simu?

Mwezi wa tano, stima ilipotea mtaa mzima. Nyawira alikuwa na sketi za marinda za shule zilizotakiwa siku hiyo hiyo, akawasha pasi ya makaa ya zamani iliyokuwa ya mama yake. Simu ikalia juu ya rafu. Alinyoosha mkono haraka, kiwiko kikagonga pasi, pasi ikaanguka na ncha yake ikatua juu ya mguu wa kulia, ulio wazi ndani ya ndala. Alipiga yowe. Watiri alikuja mbio akamwondolea ile pasi. Simu ilikata, ikalia tena, na Nyawira, Mungu amsamehe, akaishika.

— Imelia mpaka ikakata ndiyo unashika?

— Kinuthia, ngoja. Nimeungua. Pasi imeniangukia mguu.

— Nimekuuliza kitu moja tu. Ulikuwa wapi?

— Si nimekuambia nimeungua. Ngozi imetoka.

— Ukiulizwa kitu huwa unabadilisha stori. Kila siku kuna kitu. Leo ni mguu.

Alikuwa amepiga kuuliza rangi ya tenti ya ruracio. Nyawira alimwambia nyeupe, akiwa amesimama kwa mguu mmoja, machozi yakimtiririka. Watiri alimmwagia maji baridi, akampaka asali, akamfunga kitambaa safi. Alichechemea kwa wiki kadhaa. Kinuthia alimwona kanisani akichechemea, akamwambia aharakishe, ibada inaanza. Kidonda kilipona, kikaacha alama yenye umbo la ncha ya pasi, ngozi laini ya rangi ya waridi juu ya mguu, kitu ambacho hata mtoto mdogo angekiuliza.

Ile alfajiri baada ya kuungua, alijaribu kuomba kuhusu maumivu. Simu ilikuwa kimya, na bado alijikuta anaisikiliza. Alilia. Hakuwa akilia mguu. Alilia kwa sababu alitambua kwamba kati ya wawili waliotaka asubuhi yake, alikuwa amempa aliyepiga kelele, akamnyang'anya yule aliyenyamaza. Na hata baada ya kujua hivyo, simu ilipolia, aliishika.

Ruracio ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, nyumbani kwao Tetu. Nyawira aliamka kabla ya wapishi. Alizima simu, akaitia kwenye kabati la vyombo chini ya vitambaa vya meza, akashuka mpaka kwenye majani chai nyuma ya nyumba. Umande ulimlowesha sketi mpaka magotini. Hakuomba ishara. Hakuomba mume mwema, wala mvua isinyeshe kwenye tenti. Aliomba radhi, akasema nimerudi, kisha akanyamaza. Alikaa hapo mpaka akasikia sufuria zikigongana jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alikuwa amemaliza kuomba kabla ya mtu mwingine kummalizia. Simu aliiacha pale pale kabatini.

Wageni walipofika na vigelegele vikaanza, akina mama walimpeleka chumbani. Kwetu wazee hawaketi kuzungumza mahari kabla bwana harusi hajamtambua wake. Wanawake kadhaa hufunikwa leso kuanzia kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu, wanasimama kwa mstari, na yeye anachagua. Akikosea, analipa faini na anachekwa mpaka azeeke. Cucu Kagure, mama wa marehemu baba yake Nyawira, ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli hiyo, na aliamuru wote wavue viatu. Alisema vijana wa siku hizi huambiwa viatu mapema. Nyawira alipovua vyake, mwanamke huyo ambaye macho yake yana ukungu wa uzee aliinama papo hapo.

— Hii mguu ilifanyika nini?

— Pasi, cucu.

— Lini?

— Mwezi wa tano.

— Na huyu kijana alisema nini?

Nyawira aliusogeza mguu chini ya sketi.

— Alisema nabadilisha stori.

Cucu Kagure hakucheka. Alimfunika leso polepole, akiivuta hapa na pale kama anayetandika kitanda cha mgeni. Halafu akachukua leso nyingine, akajifunika mwenyewe, akasema na yeye anasimama kwenye mstari. Walikuwa watano. Watiri alikuwa nyuma yao akiwapanga na kufunga vifundo vya leso. Nyawira akawekwa wa pili kutoka kushoto. Cucu akasimama upande ule mwingine, wa pili kutoka kulia.

Ndani ya leso kulikuwa na joto na harufu ya nguo mpya. Nyawira aliona ukanda mwembamba tu wa nyasi na miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumwita, hakuna aliyeweza kumuuliza kitu. Alitulia kiasi cha kujishangaa. Nyuma yake alisikia Watiri akibonyezabonyeza simu, akadhani anapiga picha.

Kinuthia alikuja na rafiki yake aliyeshika simu juu, akirusha kila kitu mtandaoni ili kanisa la Karatina lione moja kwa moja. Alisikika akiongea na hiyo simu, sauti ile ya Jumapili:

— Huyu wangu nitamjua hata kwa giza. Angalieni tu.

Vigelegele. Viatu vya kahawia vya ngozi vikaingia kwenye ule ukanda wa nyasi. Vilimpita wa kwanza. Vikafika kwa Nyawira, na rafiki mwenye simu akamwambia Kinuthia asimame hapo kidogo, picha imekwama. Akasimama. Ncha ya kiatu chake ilikuwa shibiri moja kutoka kwa ile alama. Nyawira alitazama kiatu, akatazama mguu wake. Sehemu ya moyo wake bado ilitaka Kinuthia ainame tu atazame, na kama angeinama, huenda leo ningekuwa nawasimulia harusi.

Picha ikarudi. Viatu vikaondoka kwa hatua za mtu anayejua anakoenda, vikampita wa katikati, vikasimama. Leso ikavutwa.

— Umekuja kunioa, baba? akauliza Cucu Kagure, meno yake machache yote nje.

Tenti nzima ikavunjika mbavu. Wanaume waligonga meza, wapishi walitoka jikoni na miko mkononi. Na hapo pangeweza kuisha vizuri. Mabwana harusi wengi hukosea, wanalipa, wanacheka, wanajaribu tena, inakuwa hadithi ya kusimuliwa wajukuu. Lakini Kinuthia hakuwa mtu wa kuchekwa, tena mtandaoni. Aligeuka akamtazama Watiri, na mdomo ukatangulia akili.

— Si uliniambia wa pili kutoka kushoto?

Kicheko kikakatika.

— Ni wa pili kutoka kushoto, Watiri akasema, sauti ikimpotea. Kushoto yetu. Wewe ulikuwa umetuangalia.

Baba mdogo Wamae, aliyekuwa amesimama mahali pa marehemu kama mzee wa boma, alimwita Watiri mbele akamtaka aeleze anayoyasema. Watiri akaanza kulia, na yote yakatoka. Kinuthia alikuwa amempigia Nyawira asubuhi kutaka kujua atasimama wapi, akakuta simu imezimwa, ndipo akamwandikia yeye. Na haikuwa leo tu. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akimwandikia kila siku, kumuuliza Nyawira amefika saa ngapi, nani ameingia dukani, simu iko wapi. Watiri alikuwa akijibu. Aliambiwa ni kwa sababu ya mapenzi, kwamba mtu anataka tu kujua mchumba wake yuko salama.

Ndani ya leso, Nyawira alimkumbuka yule mwalimu wa suruali. Basi ndivyo mwanaume anayependa hujua.

Kinuthia hakungoja Watiri amalize. Aligeukia ule mstari wa leso, uso umemwiva kwa hasira.

— Nyawira, hii aibu yote ni wewe. Ungewasha simu kama mtu mwenye akili, hakuna kitu ingetokea. Lakini hapana. Lazima uzime. Hata leo, siku yetu, lazima uzime.

Aliyasema hayo mbele ya mwanamke wa mwisho kwenye mstari, jirani mmoja mnene aliyekuwa amekuja kusaidia kukata vitunguu.

— Niko huku, Nyawira akasema.

Bibi harusi hajifunui mwenyewe, hiyo inajulikana. Alijifunua. Leso ikaanguka nyuma yake, upepo wa Tetu ukampiga usoni. Kinuthia alirudi mpaka mbele yake, mahali pale pale alipokuwa amesimama na kuondoka.

— Umesimama hapa sasa hivi, Nyawira akamwambia. Ungeangalia chini ungenijua. Hii alama unaijua?

Kinuthia akatazama mguu kwa mara ya kwanza.

— Hii ulipata lini?

— Siku ulipiga kuuliza rangi ya tenti.

— Sikujua ilikuwa kitu kubwa hivyo.

— Nilikuambia ngozi imetoka.

— Wewe husema vitu mingi, Nyawira. Na mimi je? Mimi uliniangalia saa ngapi? Kila saa ni Mungu, Mungu. Mtu atashindana na Mungu aje?

— Hakukuwa na mashindano. Ulikuwa umeshashinda. Tangu mwezi wa pili sijamwomba vizuri hata siku moja mpaka leo. Saa yake yote nilikupa wewe, Kinuthia. Yote. Na bado hukuniona.

Yule rafiki alikuwa bado ameinua simu, mpaka mzee mmoja wa upande wa Karatina alipoushika mkono wake akauteremsha.

Mzee huyo alikuwa na busara zake. Aliomba msamaha kwa niaba ya kijana wao, akasema faini italipwa, watoto hugombana, na watu wazima wapo ili kutuliza. Mama yake Nyawira akamsogelea binti yake kwa nyuma akamnong'oneza kwamba chakula kiko tayari, watu wamejaa, mchungaji yuko pale, wataongea nyumbani pole pole. Mkono wake ulikuwa ukimpapasa Nyawira mgongoni kama mtoto anayebembelezwa. Hilo ndilo lililokaribia kumvunja, kuliko yote aliyosema Kinuthia.

Baba mdogo Wamae akaletewa kibuyu. Zamani kilikuwa cha pombe. Siku hizi, katika nyumba za wokovu, ni uji wa mtama uliochachuka. Wageni ndio huuleta, na hauonjwi na mtu yeyote kabla msichana hajaulizwa mbele ya watu wote kama amekubali kuolewa. Wengi huchukulia swali hilo kama mapambo tu, msichana anacheka, anaonja, mambo yanaendelea. Wamae hakuliuliza hivyo.

— Nyawira, mtoto wa ndugu yangu. Hawa watu wametuletea uji. Tunywe?

Nyawira alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito na kilinukia vizuri. Alitazama mama yake, akatazama Kinuthia, aliyekuwa ameweka mkono kiunoni akingoja yaishe aende kuketi. Alikuwa na hakika kabisa. Hata wakati huo alidhani hili ni jambo la simu.

Nyawira akakiweka kibuyu chini, mbele ya yule mzee wa Karatina, bila kukigusa kwa mdomo.

— Msinywe, baba. Warudishieni uji wao. Lakini wapewe chakula, wametoka mbali.

Mama yake akaketi chini kwenye nyasi. Kinuthia alicheka kicheko kifupi, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

— Utajuta. Utazeeka hapa na hiyo Biblia, nikuone.

— Kijana, akasema Cucu Kagure, aliyekuwa bado amejitanda leso mabegani. Umeambiwa kuna chakula. Kula ama uende, lakini usipigie mtoto wangu kelele kwa boma yangu.

Akaenda. Pikapu ilisikika ikipanda kilima cha chai mpaka mlio ukaisha. Wazee wa Karatina walikula kwa adabu, wakaaga kwa adabu, wakabeba kibuyu chao.

Jumatatu, Nyawira alifungua duka gizani kidogo, akazima simu, akapiga magoti. Alianza kwa kumwombea mama yake, ambaye hakuwa amesema naye tangu Jumamosi. Akajaribu kumwombea Watiri, ikakataa, akarudia, ikakubali nusu. Hakuna aliyegonga. Alipomaliza kulikuwa kumepambazuka na kinyozi alikuwa ameshawasha redio yake.

Watiri alikuja akasimama mlangoni, macho yamevimba, hakuthubutu kuingia. Nyawira alisukuma mkebe wa vifungo mpaka ukingoni mwa meza. Kazi alimpa. Neno hakumpa, siku hiyo wala wiki hiyo.

Chai ilipochemka ndipo akawasha simu. Meseji za Kinuthia ziliingia zikifuatana mpaka simu ikapata joto. Za Jumamosi zilikuwa matusi. Za Jumapili zilikuwa za kuomba, kwamba video imezunguka Karatina nzima, kwamba kanisani hakupewa maikrofoni, kwamba arudi wasahau. Kisha matusi tena. Ya mwisho ilikuwa imetumwa alfajiri hiyo, wakati yeye akiwa magotini, na ilikuwa fupi.

"Mguu unaendelea aje?"

Nyawira alisoma mara mbili. Alitazama chini, kwenye ndala yake, kwenye ile ngozi ya rangi ya waridi. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, akatuma, akavuta sketi ya kwanza mezani.

"Ulishapona."